Gunia la Majani ya Maskati

Mwanangu Raya,

Salamu zako utazipata asubuhi kwa mdomo, gatini Mkoani, mbele ya watu na mizigo yao. Najijua nitalia na sitasema la maana, kwa hiyo la maana naliandika sasa. Nimekaa kwenye baraza ya nyumba ya marehemu mama yangu hapa kisiwani Makoongwe, na jua bado lipo. Wewe uko nyumba ya pili kwa Bi Asha. Nakusikia unavyocheka, na harufu ya pweza anayechemka inanifikia mpaka huku. Sijaitwa kula bado. Wataniita.

Habari za kufunga sanduku sizigusi. Baba yako ameshakueleza ya nauli na ya simu, na shangazi zako wameshakuonya juu ya baridi ya Mwanza, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Mwanza. Mimi nataka kukueleza habari ya yale majani.

Najua hapo umeguna. Mama naye na majani yake! Hadithi hiyo umeisikia tangu hujajua kutembea, na ulipoanza skuli ulikuwa unaimaliza kabla yangu kwa kunikera. Lakini ile niliyokuwa nakusimulia haikuwa nzima. Kipande kilichobaki nimekijua juzi juzi tu, na tangu nikijue sijapata raha. Basi naianza upya, univumilie.

Nilipokuwa na mimba yako nilikuja hapa kuzaa, maana ndiyo ada yetu, mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mamake. Kule Wingwi kwa baba yako nilikuwa bado bibi harusi mgeni, sijui hata kisima kipi cha kufulia. Nikakuzaa salama, mtoto mdogo mwenye sauti kubwa. Maziwa yakagoma. Watu walisema subiri, yatakuja, na yaliyokuja yalikuwa matone ya kukutia hasira tu. Mama yangu alinipikia uji wa pilipili manga, akanipikia supu ya pweza, akaniroweshea uwatu mpaka jasho langu likanuka uwatu. Wapi! Kisha homa ikanishika. Wewe unalia, mimi nalia, mama yangu anasoma na kunipulizia maji. Niliona aibu, Raya. Nilijiona mwanamke aliyeshindwa na kazi ambayo hata paka wa jikoni anaiweza.

Ndipo alipotokea bibi yako Kazija, mama wa baba yako, kutoka Wingwi, na gunia kichwani.

Gunia lile lilikuwa la ng'ombe. Ami yako aliyeko Omani alikuwa amekuja likizo na majani makavu na mbegu zake, haya wanayoyaita alfalfa. Huko Waarabu huyaita qatt na huyapanda chini ya mitende kwa ajili ya mifugo. Sisi Wingwi tuliyaita majani ya Maskati, basi. Baba yako alimpa yule ng'ombe wetu mwekundu, naye akazidisha maziwa hata majirani wakaja kutazama ndoo. Bibi yako aliposikia kwamba mkwewe hana maziwa, hakumuuliza mtu. Alibeba gunia akapanda gari mpaka Mkoani, akapanda boti, akaingia ndani mwetu.

"Ng'ombe kala majani yano, maziwa kazidi," alisema, gunia halijatua. "Sasa mtu ana nini hata asizidi?"

Mama yangu alimkodolea macho. "Bi Kazija, wataka kumlisha mwanangu chakula cha ng'ombe?"

"N'taka mjukuu wangu ashibe. Nipa sufuria."

Akayachemsha. Maji yakawa kijani kibichi, juu yana povu kama la sabuni, na chumba kizima kikanuka banda. Nilikunywa nimeziba pua. Bi Asha, jirani yetu, alikuwa na mtoto mchanga wakati ule, na kwa kunionea huruma alijimiminia kikombe chake. Alisema mzazi aliyetoka kujifungua hanyweshwi dawa peke yake. Alikunywa huku amekunja uso hata nikacheka, kicheko changu cha kwanza tangu nikuzae. Yeye maziwa alikuwa nayo toka mwanzo, na baada ya kikombe kile, kwa maneno yake, kanga zilikuwa hazikauki kifuani. Homa iliponizidi alikuchukua mara mbili tatu akakunyonyesha, ukanyamaza. Hilo nililijua siku zote na sikumficha mtu.

Baadaye siku moja nikazinduka, homa imeshuka, nikakukuta ubavuni pangu umelala, tumbo limejaa, mashavu yamejaa. Bibi yako alikuwa amekaa mlangoni.

"Waona?" akasema. "Majani yale."

Nikaamini. Nilikuweka kifuani ukavuta, ukalala, nikakuweka tena. Na kweli, baadaye kifua kilijaa hata kikauma kwa kujaa. Nilimshukuru Mungu, kisha nikalishukuru gunia la ng'ombe. Hapo ndipo hadithi yangu ilipokuwa ikiishia.

Tuliporudi Wingwi nilizipanda zile mbegu nyuma ya banda, pale mawe yalipo juu juu na mahindi hayataki kuota. Majani ya Maskati yalikubali. Mizizi yake ilipenya kwenye nyufa ikaenda kutafuta maji yake yenyewe. Nikikumbuka maisha yangu yote, Raya, sina kipindi ninachokililia kama kile. Asubuhi umande haujakauka, wewe mgongoni, mimi na mundu, ng'ombe anatuita kwa pua. Ulipokua ukawa unachuma yale maua ya zambarau na kunichomeka nyweleni, kisha unanikataza nisijifunge mtandio ili watu wayaone. Hata nikilisikia lile banda likinuka leo, nakuona una meno mawili.

Wanawake wakaanza kuja. "Bi Mize, nipa majani ya maziwa." Nikawapa, na pamoja na majani nikawapa hadithi. Sikuuza hata siku moja. Lakini malipo niliyapata, maana nilifika Wingwi mgeni asiye na jina, na majani yale yakanipa jina. Nikipita, wazazi wananiita. Nikiingia kwenye arusi napishwa mkekani. Hayo si madogo kwa mtoto wa Makoongwe aliyeolewa mbali.

Unamkumbuka ng'ombe alipokata kamba akaingia bustanini akayala mabichi na umande wake? Alivimba ubavu wa kushoto kama ngoma. Baba yako akamnywesha mafuta, akamtembeza uani huku na huko, wewe unalia kwamba anakufa. Hakufa. Siku ya pili yake nikampa mzazi mmoja majani yale yale kwa mkono huu huu, wala haikunipitia akilini kwamba kitu chenye nguvu ya kumvimbisha ng'ombe huenda kina neno na binadamu pia.

Wewe ilikupitia. Ulipoanza kusoma kemia ulikuja jikoni ukainama juu ya sufuria yangu. "Mama, povu hili ni saponini." Ukanieleza kwamba ndiyo inayoyafanya yawe machungu, na kwamba watu wanaichunguza kama inapunguza lehemu mwilini. Ukanitajia kumestroli, inayojifanya homoni ya kike ikiingia mwilini, kwa hiyo mwenye mimba asijinywee hovyo. Ukanitajia vitamini K, inayosaidia damu igande. Ukanitajia kanavanini, iliyomo zaidi kwenye mbegu na machipukizi, na ukasema mtu mwenye ule ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe asiyaguse. Niliyapenda majina yale. Niliyaona kama wakwe waliokuwa wakiishi ndani mwangu miaka yote na mimi sijawaamkia.

Kisha nikakuuliza, na maziwa je? Ukaokota kijiti cha kuni ukakivunja. "Watu wengi wanasema yanaongeza, mama. Ushahidi wenyewe mdogo."

"Ushahidi ni weye!" nilikwambia. Nikakununia, hata chai ukawa unajimiminia mwenyewe. Ulikuwa umegusa mahali pangu.

Na siku ile ya Mzee Khatibu. Alikuja kuomba majani kwa ajili ya miguu yake inayokufa ganzi, nami nimeshamfungia furushi. Wewe ukamwamkia, ukakaa chini, ukamuuliza kwa adabu hospitali wamempa dawa gani. Akatoa pakiti mfukoni mwa kanzu. Ukaisoma, kisha ukalichukua furushi mikononi mwake.

"Babu, uniwie radhi. Dawa yako inazuia damu isigande, na majani haya yanaisaidia igande. Mmoja atavuta huku, mwengine kule. Usiyanywe mpaka daktari wako akwambie."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto wangu anamnyang'anya mzee kitu nilichompa mimi! Lakini yeye aliinuka akakuombea dua ndefu mpaka kuku wakaingia ndani. Siku hiyo nilijua kwamba umeshaondoka nyumbani na uliobaki ni mwili tu. Ndiyo maana nafasi ya chuo cha ufamasia ilipokuja sikushangaa. Niliogopa.

Baba yako usimfikirie vibaya. Alifurahi, nilimwona akiisoma ile habari kwenye simu na kuirudia. Lakini alisema, "Mwanza mbali. Kwenda n'taka aende. Peke yake, hapana. Nitafutieni maharimu wake kule, hata kesho namtia garini." Yaani mwanamume wa kwako asiyeweza kukuoa, baba, kaka, ami. Kule hatuna. Wewe ukaingia chumbani ukafunga mlango. Nilikaa nje nikisubiri nikusikie unalia, na hukulia, nikaona bora ungelia.

Ndipo nilipomkumbuka Hamadi, mtoto mkubwa wa Bi Asha, mwenye duka la vitambaa Mwanza na mke na watoto. Ukinyonya kwa mwanamke, watoto wake wote ni ndugu zako. Lakini tangu chuo cha Kurani tumefundishwa kwamba haitoshi kuonja, ni mara tano za kushiba, na mimi nilijua za mbili tatu tu. Nikaona nije kumuuliza mamake mwenyewe. Jambo kama hili haliulizwi kwenye simu. Na ndani ya boti, nikwambie kweli, nilikuwa napanga jinsi ya kumuuliza ili jibu litoke tano hata kama hazikuwa tano.

Nilimkuta Bi Asha anapepeta mchele. Nikauliza, yale maneno niliyoyapanga yote yakanikimbia.

"Mara tano?" Akacheka. Kisha akaniona uso, akaweka ungo chini. "Mize, waniuliza kweli?"

"Nakuuliza kweli."

"Raya nimemnyonyesha mie mpaka homa yako ikaisha, na baada ya homa vilevile. Bi Kazija akimleta ukishalala. Akishiba namrejesha mwenyewe, namweka ubavuni pako. Hesabu ya nini? Alikuwa mwanangu."

"Na majani?"

"Majani nilikunywa mie, mwenzangu. Weye ulikuwa wayatapika yote."

Nilikaa pale nikitazama mchele. Kisha nikainuka nikaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo Makoongwe halisahauliki haraka. Nilihisi nimenyang'anywa. Jina langu la Wingwi, wazazi wote niliowapa furushi na hadithi, wewe mwenyewe niliyekuwa nikikuonyesha watu kama ushahidi. Kumbe nilikuwa mgonjwa aliyelala, na kazi ikifanywa na wengine.

Na kwenye boti la kurudi likanijia jambo ambalo hadi leo likinirudia najiogopa. Mama yangu ameshatangulia mbele ya haki. Wanaojua tumebaki watatu, na aliyekwenda kuuliza ni mimi. Nikirudi nikasema hazikufika tano, hadithi yangu inabaki yangu. Na wewe unabaki. Utakuwa nyuma ya banda na mimi asubuhi, utaolewa karibu, utazaa kwangu. Uongo wenyewe hata haukuhitaji maneno mengi. Ulihitaji nitikise kichwa tu. Nilikutaka, Raya. Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile.

Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilipitia kwa bibi yako Kazija. Macho yake yamekwisha lakini alinitambua kwa hatua.

"Kwa nini hamkunambia?" nikamuuliza, hata salamu sikumpa.

Hakuuliza lipi. "Tungelikwambia, ungelimweka tena kifuani?"

Nikavua viatu, nikakaa.

"Ungelisema sina, ukaacha. Hata huyo ng'ombe wako ukiacha kumkamua atakauka. Tulikuwacha uamini, mtoto akuvuta, akuvuta, mpaka yakaja. Yalokuja yalikuwa yako, Mize. Hayo hakukupa mtu."

Nililia pale kwenye mkeka wake, na yeye akinipapasa kichwa kama anatafuta chawa. Baadaye nilikuuliza kwa kuzungusha, unakumbuka, nini hasa huleta maziwa? Ukanijibu upesi upesi, huku unapiga pasi, mtoto kunyonya mara kwa mara, mama kula vizuri na kutulia. Hukujua unamtetea bibi yako.

Nikamwambia baba yako kweli. Bi Asha akavuka na mumewe akaja Wingwi, bibi yako akaletwa, shehe akakaa kusikiliza ushahidi, na mbele yangu hadithi yangu ikafumuliwa uzi mmoja mmoja, mpaka Hamadi akahesabiwa kaka yako na baba yako akaridhia. Wewe uliingia na sinia la chai, ukanitazama, nikageuza uso. Tangu siku hiyo unatembea kwa ncha za vidole mbele yangu, nimekuona. Unadhani nimechukia kwamba unakwenda, au kwamba umempata mama mwengine. Nilichukia, ndiyo, kwa siku chache, wala si wewe. Imekwisha.

Bustani sikuing'oa. Ng'ombe anayataka, na Bi Asha anaapa kwamba majani yale yalimzidishia kweli. Huenda. Wewe utakwenda kuyapima huko na utanijulisha, na safari hii sitakununia. Wazazi wakija nawauliza kwanza wanakunywa dawa gani, kama ulivyomuuliza Mzee Khatibu. Kisha nakwenda kukaa nao. Namshika mtoto mama alale.

Utakapokuwa nyuma ya kaunta na koti lako jeupe, atakujia mtu na majani yake, na hadithi yake kama yangu. Mwambie kweli ya kwenye vitabu, usimfiche. Lakini muulize pia nani alikuwa naye siku zile anaumwa. Mimi hakuna aliyeniuliza, na ningeulizwa ningeanza kutaja majina, na pengine ningejijibu mwenyewe mapema.

Hamadi atakuwa stendi ya Mwanza. Amesema atavaa kofia ya kiua, hii yetu ya kudarizi, ili umjue. Mwite kaka, na usimwonee haya. Ukiumwa, ukiwa na njaa, ukitukanwa na mtu, nenda kwake kama ungekuja kwangu.

Leo mchana uliniuliza kwa nini tunalala Makoongwe wakati wenzako wote hulala kwao usiku wa kuamkia safari, na kwa nini nimekupeleka ukalale nyumba ya pili. Nikakujibu kwamba hapa ni karibu na gati. Si gati, mwanangu. Siku zile mwanamke yule alikuchukua kila usiku, akakushibisha, akakurudisha ubavuni pangu kabla sijaamka. Hakuomba shukrani, hata kuitwa mama hakuomba. Usiku wako wa mwisho nimempa yeye. Najua alfajiri atakurudisha, ndivyo alivyozoea.

Naitwa. Pweza ameiva.

Mmoja wa mama zako,
Mize